Tundu la Paka Kwenye Mlango wa Mama

Wiki iliyopita nilimfukuza fundi nyumbani kwangu, na sijamwomba msamaha hadi leo. Mume wangu ndiye aliyemwita. Binti yetu ana paka, paka ana tabia ya kulialia mlangoni akitaka kutoka, akitoka analia tena akitaka kuingia, na mume wangu akaona dawa ni kukata kimlango cha paka chini ya mlango wa jikoni, kile cha plastiki chenye kifuniko kinachobembea. Natoka kazini namkuta fundi kapiga magoti, penseli sikioni, msumeno umeshaingia kwenye ubao. Harufu ya mkangazi uliokatwa ikanipiga puani. Nikasikia mgongo unasisimka.

"Toka," nikamwambia.

Yule kijana akadhani natania. "Mama, nimebakiza upande mmoja tu."

"Nimesema toka, kabla sijakutoa mimi."

Mume wangu ni Msukuma, na kila akiishiwa hoja anasema nina hasira za Kikurya. Ninazo, sikatai. Lakini hizi zina mwenyewe, na mwenyewe ni Bibi Wegesa wa Genkuru, aliyekufa akazikwa kwa heshima zote, ng'ombe akachinjwa, kwaya ikaimba, na bado simpendi. Ninyi wa rika langu mliolelewa na bibi zenu, najua mkikaa mnakumbushana hadithi za jioni na karanga za kukaanga. Hongereni. Mimi wa kwangu acheni niwaeleze alivyokuwa.

Kwanza mjue kwamba hakumzaa baba yangu. Bibi Wegesa hakuzaa kabisa. Mumewe alipokufa akabaki na boma, ng'ombe na shamba, na hana mtoto wa kuvirithi, kwa hiyo akafanya ambalo mila ya kwetu inamruhusu mwanamke wa namna hiyo: akatoa ng'ombe, akaoa. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Anaoa msichana, msichana anakuwa mkamwana wake, watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake na wanabeba jina la marehemu mumewe. Wapo walioishi hivyo kwa upendo mkubwa, nimewaona, sisemi mila nzima ni mbaya. Nasema Bibi Wegesa alikuwa mbaya.

Msichana aliyemwoa alikuwa mama yangu, Robi, kutoka upande wa Serengeti. Alikuwa tayari ameshanizaa kwao, bila mume, na baba yake alikuwa na haraka ya kumtoa nyumbani. Nililetwa Genkuru mgongoni kwa mama. Wapo majirani waliotupokea siku hiyo, wakala, wakanywa, wakanishika mashavu. Lakini miaka ilivyokwenda na mama asipate mtoto mwingine, Bibi akaanza kusema kwamba mimi nilizaliwa pale pale, kwenye ngozi yake, ndani ya ng'ombe wake wa mahari. Na majirani wale wale wakaitikia kwa kichwa. Walikuwa ukoo wake, pombe walikunywa kwake, ungetegemea nini?

Mahesabu yake yalikuwa wazi, hata hakuyaficha. Alikuwa ananishika bega mbele ya wageni na kusema, "Huyu akikua ataniletea ng'ombe, nami nitaoa mkamwana mwingine, wa kunizalia dume." Nilikuwa na miaka sita au saba. Mimi nilijiona wa maana sana. Nilidhani kuleta ng'ombe ni kazi ya kutumwa malishoni, na nikawa najizoeza kuswaga mbuzi.

Mama alikuwa anasikia maneno yale akiwa kimya, mikono kwenye sufuria. Yeye alikuwa na mpango wake. Alitaka kuondoka pamoja nami, aende kwa mdogo wake Mugumu, anianzishe shule huko. Kuondoka yeye si tatizo, Bibi alishamwambia mara nyingi, "Mgumba wee, njia unaijua." Tatizo lilikuwa mimi.

Sasa huo mlango. Nyumba ya mama ilikuwa pembeni mwa ile ya Bibi, ya tope na bati, na mlango wake wa zamani ulikuwa kipande cha bati kilichofungwa kwa waya. Bibi alikuwa anaingia atakavyo. Anaingia anafunua sufuria. Anaingia anapekua nguo. Mama akaanza kuwafulia nguo wachimbaji kule Kerende, kila siku anakwenda kwa mguu na kurudi na mikono iliyochubuka kwa sabuni, mpaka akanunua mlango wa mkangazi kwa seremala. Ukaletwa umefungwa kwenye baiskeli. Ulikuwa na bawaba mpya, komeo la ndani, na pete mbili za kufuli kwa nje. Siku ulipofungwa mama aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, huku anacheka peke yake. Ufunguo wa kufuli aliufunga kwenye ncha ya kanga, kanga kiunoni, na kuanzia siku hiyo Bibi Wegesa hakuingia tena.

Alivumilia kama wiki mbili. Kisha akaanza habari za panya.

Ni kweli panya walikuwepo. Magunia ya wimbi yalihifadhiwa kwa mama kwa sababu bati lake lilikuwa halivuji, na wimbi kwetu si chakula tu, ni ugali na ni pombe, mambo yote ya nyumbani yanapita hapo. Na paka tulikuwa naye, dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika. Lilikuwa linazunguka boma kila asubuhi likikagua, kwa hiyo tukaliita Mgambo. Mama akienda Kerende, mlango una kufuli, Mgambo anabaki nje. Bibi akawa anasimama uani na kutangaza kwa kila apitaye: "Paka nje, panya ndani! Mkamwana amewafungia panya wapate kula wimbi langu kwa raha!" Watu wanacheka. Mama anainama, anapita.

Siku moja Bibi aliniita, akanikalisha katikati ya miguu yake. Hiyo peke yake ilikuwa ajabu, maana hakuwa mtu wa kupakata. Akachukua kamba ya katani, akanizungushia kichwani, juu ya masikio, akafunga fundo ncha zilipokutana. Kisha akaipitisha ile duara mabegani, bega moja kwanza, halafu la pili, akinigeuza huku na huku. Akailegeza kidogo, akafunga fundo upya.

"Unanipima nini, Bibi?"

"Nyamaza, utajua."

Nikajua mara moja: kofia! Binti wa mwenye duka alikuwa na kofia nyekundu ya sufu, nami nilikuwa nimeililia Krismasi nzima. Nikaenda kumnong'oneza Mgambo kwamba Bibi ananifumia kofia. Nilikuwa na furaha ya kunifanya nisilale mchana.

Kesho yake mama hayupo, seremala akaja. Ni yule yule aliyeutengeneza mlango. Bibi akampa kamba, akaiweka chini ya mlango, ikakaa duara, akachora kwa penseli akiifuata. Hapo akasita.

"Bibi, ni paka gani huyu? Hapa anapita mbwa."

"Paka wangu ni mnene."

"Lakini mlango ni wa Robi. Robi anajua?"

"Mura, nimekuita ukate, sikukuita uulize."

Akakata. Vumbi la mkangazi likamwagika kizingitini, nikalichezea kwa vidole. Akagongomelea kipande cha mpira wa tyubu juu ya tundu kiwe kinaning'inia kama pazia, akafungasha msumeno, akaondoka bila hata kunywa uji. Na mimi? Mimi nilisimama pale nikisubiri waninunulie sufu, maana kamba imeshamaliza kazi ya mlangoni, sasa zamu yangu. Mtoto ni mjinga jamani. Nikimkumbuka yule mtoto natamani nimzabe kibao.

Mama aliporudi alisimama muda mrefu akiangalia.

"Nani amekata mlango wangu?"

"Mlango wako uko kwenye nyumba ya nani?" Bibi akajibu, hata hakunyanyuka. "Na nyumba iko kwenye boma la nani? Na wewe mwenyewe uko kwenye ng'ombe za nani?"

"Mlango ni wangu. Tangu bawaba mpaka kufuli."

"Basi ubebe uende nao."

Mama akaziba tundu kwa debe la maji. Bibi akamwita Mzee Marwa, kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo. Akaja na fimbo yake, akasikiliza habari ya panya na wimbi, akamwambia mama aondoe debe. "Mkamwana hagombani na paka," alisema, akacheka kicheko chake mwenyewe. Mama akaondoa debe. Tangu siku hiyo alikuwa akifika kutoka Kerende anapitisha macho chumba kizima kabla hajatua mzigo.

Kulikuwa na kitu alichokuwa anakiangalia. Ndani ya mto wake wa kulalia, katikati ya pamba, aliweka karatasi ngumu ndani ya mfuko wa nailoni. Siku za mvua, asipokwenda Kerende, alikuwa anaitoa, anaikunjua, anaisoma polepole kwa kidole, kisha machozi yanamtoka. Nilimwona mara tatu. Mimi nikaamua kwamba ile karatasi ndiyo mbaya, ndiyo inayomtonesha. Ninyi mngefikiria nini? Anaishika analia, anairudisha ananyamaza. Ilikuwa kadi yangu ya kliniki. Imeandikwa siku niliyozaliwa na zahanati ya kwao nilikozaliwa, muda mrefu kabla ng'ombe wa Bibi Wegesa hawajatoka zizini. Mtendaji wa kijiji alikuwa mpya, amehamia kutoka Bunda, hana undugu na mtu, na alikuwa ameshamwambia mama: "Mimi sikuwepo, sijui nani anasema kweli. Nioneshe karatasi. Kama mtoto amezaliwa kabla hujaolewa hapa, unaondoka naye, na mtu asikuzuie." Siku ya kikao ilikuwa imepangwa. Hayo yote sikuyajua.

Bibi aliyajua. Siku mbili kabla ya kikao, mama akiwa Kerende, akaniita nyuma ya nyumba na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Gati, mama yako analia kwa nini?"

"Kwa ajili ya karatasi."

"Iko wapi?"

Nikamwambia. Niliona fahari kujua kitu ambacho mtu mzima hakijui.

"Ukinitolea hiyo karatasi, hatalia tena. Wewe ni mwembamba. Pita anapopita Mgambo."

Nikalala kifudifudi kizingitini. Kichwa kikapita. Bega moja likapita, la pili likapita, kama lilivyopimwa. Msumari mmoja wa ule mpira ulikuwa umetokeza, ukanichana mgongoni kuanzia begani mpaka karibu na kiuno, nikauma meno nisilie kwa sababu kazi niliyokuwa nafanya ilikuwa ya mama. Nikaingiza mkono ndani ya mto. Nikapitisha karatasi kwanza, kisha nikajipitisha mwenyewe. Bibi aliitazama bila kuisoma, hakujua kusoma, akaiweka mafigani chini ya sufuria ya makande. Nailoni ikanuka, ikajikunja, ikaisha. Jioni nikala makande hayo, nikaongezwa, nikala tena.

Mama aliponiogesha kesho yake aliona mchubuko. "Nini hiki?"

"Mgambo." Bibi alishanifundisha hilo.

Akaupitisha kidole, urefu wake wote. Nadhani pale pale alijua, lakini kujua na kukubali ni vitu viwili, na hakuthubutu kufungua mto mpaka siku yenyewe.

Kikao kilifanyika uani kwetu, mchana, jua kali. Mtendaji alikalia kiti cha kuazima, daftari magotini. Mzee Marwa na wazee wawili walikaa kwenye benchi, Bibi kwenye kigoda chake, majirani wamesimama. Mtendaji akasema, "Mama Gati, lete kadi." Mama akafungua kufuli mbele ya watu wote, akaingia. Tukasikia mto unachanwa. Alitoka na pamba mikononi.

"Haipo."

Majirani wakaguna. Mtendaji akaenda kulitazama kufuli. "Kufuli ni zima. Nani aliingia?"

"Ataingiaje mtu?" Bibi akasema. "Pale anapita paka tu."

Mtendaji akainama akalitazama lile tundu. Akalitazama tena, akanitazama mimi. Hakuwa mpumbavu. "Gati, njoo. Usiogope. Nani alichukua kadi ya mama?"

Nilimwangalia Bibi. Nikamwangalia mama na ile pamba, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeharibu kitu kikubwa, sijui ni kitu gani. Nikasema lililokuwa mdomoni.

"Ni paka."

Watu wakaangua kicheko. Mtendaji hakucheka. Mama akanishika bega, akanigeuza, akaanza kulivuta gauni langu mgongoni. "Afisa, njoo uone. Huyu mtoto ana—"

"Basi ale kiapo!" Bibi akapaza sauti, na kicheko kikakatika. "Mtoto amesema ni paka. Mama yake anamfanya mwongo mbele za watu. Ale kiapo tujue!"

Ukoo wetu una kiapo chake. Unalamba udongo wa kaburi la mwenye boma, unarudia neno lako. Ukiwa umesema kweli, unatema mate unakwenda zako. Ukiwa umedanganya, tumbo linavimba na mwezi hauishi ukiwa hai. Mzee Marwa hakubisha. Kaburi lilikuwa pale nyuma ya zizi, akaenda akarudi na udongo kiganjani. Mtendaji akafunga daftari akageuza uso pembeni. "Mambo ya mila sihusiki nayo," akasema, na hilo nalo sijalisamehe.

Mzee Marwa akauleta mkono mdomoni mwangu. Udongo ulikuwa mwekundu, una vijiwe. Mimi sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa tayari kuulamba na kusema paka mara ya pili, nimalize, watu waondoke. Nilishatoa ulimi.

Mama akaupiga ule mkono kutoka chini. Udongo ukaruka, ukamwingia Mzee Marwa machoni.

"Ni paka!" mama akasema. "Nimekubali. Ni paka. Mwacheni mtoto. Andika, Afisa, andika ni paka."

Mtendaji akafungua daftari, akaandika. Bibi Wegesa akasonya, akachukua kigoda chake akaingia ndani. Kesho yake mama akaondoka na furushi moja. Nilimfuata hadi njia panda, akanirudisha. Nikamfuata tena, akaokota jiwe, akanitishia nalo kama mtu anayefukuza mbwa, na uso wake umelowa.

Nilibaki na Bibi Wegesa mpaka alipokufa, nikiwa msichana mkubwa. Miaka yote hiyo nilimchukia mama. Ndiyo, mama. Bibi nilimchukia kwa kofia ambayo haikuja, kwa vipigo, kwa kuhesabiwa ng'ombe kila mgeni akija, lakini hiyo ilikuwa chuki ya kawaida. Mama nilimchukia kwa neno moja. Alikuwa ameuona mgongo wangu. Alijua si paka. Angesema tu, mtendaji yule angemsikiliza. Nikajiambia kwamba hakunitaka, kwamba alitafuta sababu ya kwenda kuishi Mugumu bila mzigo.

Nilipomfuata Mugumu sikumwamkia. Nilimkuta anapepeta mchele, na kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nimeliandaa swali langu, nikalitoa nikiwa bado nimesimama mlangoni na begi.

"Kwa nini ulikubali ni paka?"

Hakushtuka. Aliweka ungo chini.

"Ulikuwa umeshadanganya," akasema. "Ungelamba ule udongo ungekufa."

Nikacheka, kicheko kibaya. Mama yangu alikuwa mlokole tangu sijazaliwa. Hirizi aliziita upuuzi, matambiko hakuyakanyaga, Bibi alikuwa akimtukana kwa ajili hiyo kila siku.

"Mama, wewe umeokoka. Unaamini udongo unaua mtu?"

"Siuamini," akasema. "Ungekuwa unaingia mdomoni mwangu, ningeula kiganja kizima."